Mbiu na Baraza: Tarikhi ya Wito wa Hisani Hadi Zama za Mitandao

Katika miji ya pwani yetu, zamani kabla gazeti halijafika na redio haijasikika, habari iliyowahusu watu wote ilitolewa kwa mbiu: pembe ya nyati ilivuma njiani, watu wakatoka majumbani na madukani, na mpiga mbiu akanena aliyotumwa na mwenye mamlaka, kisha akaenda mtaa wa pili kuyarudia yale yale, bila ya kungoja swali wala kauli ya aliyemsikiliza. Lakini hisani haikutangazwa hivyo. Aliyetaka kuezeka msikiti, au kumsomesha yatima, au kumzika mgeni aliyefia mjini pasipo jamaa, hakupiga pembe. Alikwenda barazani, au alisimama baada ya sala ya Ijumaa, akaieleza haja yake mbele ya watu waliomjua yeye na baba yake, ambao waliweza kumwuliza fedha ya mwaka jana ilikwenda wapi, na ambao aghalabu walimjua pia yule mhitaji aliyeombewa. Mbiu ilikuwa na msemaji mmoja; baraza lilikuwa na wasemaji wengi. Naanza na mambo haya mawili kwa sababu naamini kuwa tarikhi ya jumuiya za hisani kujitafutia jina, tangu siku za magazeti mpaka siku hizi za Facebook na WhatsApp, ni tarikhi ya mvutano baina ya mbiu na baraza, na kwamba jumuiya nyingi zilizoingia mitandaoni zikidhani zimepata pembe kubwa kuliko zote ziligundua, nyingine kwa faida na nyingine kwa fedheha, kuwa zimeketi barazani.

Jina lililokua bila ya pembe liko Lamu. Habib Swaleh, aliyezaliwa Ngazidja akahamia Lamu katika karne ya 19, aliwafungulia darsa watu ambao milango ya elimu ilikuwa haijawafungukia sawasawa, wakiwamo watumwa na wazao wao. Na Msikiti wa Riyadha, uliojengwa karne ile ilipokuwa ikigeuka, ukawa chuo cha kutajika pwani nzima. Waliosoma pale walirudi makwao na habari za mwalimu wao, na Maulidi ya kila mwaka yakaleta wageni waliojionea kwa macho wingi wa wanafunzi na hali ya majengo, wakatoa walichojaliwa. Mchangaji alikuwa amekwisha kuketi mkeka mmoja na mchangiwa, na kama palikuwa na ila alikuwa ameiona.

Magazeti yalipoingia yalikuja na tabia ya mbiu, maana mwenye mtambo ndiye aliyenena. *Msimulizi* lilitolewa na misheni ya Kiingereza huko Unguja mwaka 1888, *Mambo Leo* likatolewa na serikali Dar es Salaam kuanzia mwaka 1923, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akaanzisha *Al-Islah* Mombasa mwaka 1932 kwa ajili ya kuwaamsha Waislamu wenzake. Hata hivyo Waswahili, kwa mazoea yao ya kujibizana, hawakuliacha gazeti libaki pembe tupu: walilijaza barua na mashairi, huyu akiuliza Tabora na yule akimjibu kutoka Tanga, hata kurasa za wasomaji zikawa na uhai kuliko kurasa za serikali. Sifa hiyo ya watu wetu, ya kutokubali kusemeshwa bila ya kusema, itaonekana tena mbele.

Ng'ambo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Jumuiya kubwa za hisani za Ulaya na Marekani zilikuwa na wachangaji wasiowajua wachangiwa wala kuijua lugha yao, na kiungo cha pekee baina ya hao wawili kilikuwa picha. Hapana picha iliyofanya kazi hiyo kwa nguvu kuliko zile zilizopigwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mwezi wa Oktoba mwaka 1984, na mpigaji alikuwa mwenzetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo hapo Dar es Salaam ndipo alipoianzisha Camerapix mwaka 1963, akiwa bado kijana wa miaka 20. Alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Wakakuta maelfu ya watu wamelala uwandani katika baridi ya alfajiri, wenye kufa na wenye kungoja kufa, na filamu yao ilipotangazwa tarehe 23 Oktoba ilizunguka ulimwengu kwa siku chache. Kabla ya mwaka kwisha wanamuziki wa Uingereza walikuwa wametoa sahani ya santuri kwa ajili ya Ethiopia, na tarehe 13 Julai 1985 pakafanywa London na Philadelphia lile tamasha la Live Aid. Noeli ya mwaka huo huo Comic Relief, jumuiya ambayo nitairudia, ilizinduliwa Uingereza kwa matangazo yaliyotoka katika kambi ya wakimbizi nchini Sudan.

Roho zilizookolewa kwa picha zile ni nyingi, na Mohamed Amin, aliyepoteza mkono wake Addis Ababa mwaka 1991 na maisha yake katika ndege iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Ngazidja mwaka 1996, anastahili heshima yote apewayo. Lakini insafu yatutaka tulitazame na jambo la pili. Watu wa Korem walionekana na mamilioni ya watu, wala hawakupewa nafasi ya kusema neno moja likasikika: hawakuulizwa majina yao, wala maoni yao juu ya vita vilivyosaidia kuileta njaa ile, wala kama wameridhika kupigwa picha wakiwa utupu. Jumuiya nyingine zikajifunza upesi kuwa mtoto mwenye mbavu zilizotokeza na nzi machoni huleta fedha, na kwa miaka mingi sura hiyo ikawa ndiyo sura ya Afrika katika sebule za Ulaya. Hata wenyewe waliingiwa na haya: mwaka 1989 jumuiya zisizo za kiserikali za Ulaya zilikubaliana kanuni juu ya picha na habari, zenye kutaka mhitaji aonyeshwe kwa heshima na apewe nafasi ya kujieleza. Kanuni zilikuwa njema, ila aliyepigwa picha hakuwa na njia ya kumshitaki aliyezivunja.

Huku kwetu, wakati huo wote, baraza lilikuwa limepata umbo jipya. Jomo Kenyatta alipolifanya neno la harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, shule nyingi zilijengwa kwa mikutano ambamo mtu mmoja alishika kipaza sauti akasoma jina la kila mchangaji na kiasi chake, mwenye ng'ombe akataja ng'ombe na mwenye kuku akamleta kuku akapigwa mnada papo hapo. Baadaye wanasiasa waliugeuza mkutano kuwa uwanja wa kujionyesha, hata sheria ya mwaka 2003 ya maadili ya watumishi wa umma ikawawekea mipaka. Lakini msingi wake ulibaki, kwamba kutoa ni tendo la hadharani na hadhara ndiyo shahidi.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ilianza kazi nchini Kenya, na kwa mara ya kwanza mtu wa Kisumu aliweza kumchangia mtu wa Garissa fedha kidogo bila ya kutoka alipoketi. Miezi kumi baadaye, katika fujo za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliungana kutengeneza, katika siku chache za Januari 2008, ramani iliyoitwa Ushahidi, ambayo mtu yeyote aliweza kuipelekea habari ya tukio alilolishuhudia kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti. Ushahidi ikawa baadaye jumuiya isiyo ya faida inayojulikana duniani, na naona umaarufu wake una funzo kwa kila mwenye asasi: haikuanza kwa kutangaza jina lake, ilianza kwa kuwapa watu mahali pa kusema wakati matangazo ya moja kwa moja yalipokuwa yamepigwa marufuku na serikali, na jina likafuata. Facebook iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2006, Twitter ya mwaka huo huo, na WhatsApp ya mwaka 2009 zilikuta watu ambao mkono mmoja ulikuwa na njia ya kusema na mwingine una njia ya kutoa.

Hayo mawili yalikutana wazi wazi mwaka 2011. Ukame ulikuwa umeishika Pembe ya Afrika. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai, na televisheni za Kenya zikaonyesha watu wa Turkana wakifa kwa njaa ndani ya mipaka ya nchi ambayo masoko yake mengine yalikuwa na chakula. Tarehe 27 Julai, Msalaba Mwekundu wa Kenya, pamoja na makampuni na wenye vyombo vya habari, walizindua Kenyans for Kenya, wakakusudia kukusanya shilingi milioni 500 katika majuma manne. Kiasi hicho kikafikiwa mapema, na kusudio likapandishwa hadi bilioni moja. Mtu aliweza kutoa hata shilingi 10. Makampuni yalitoa mamilioni, na pasipo wao hesabu isingefika pale. Lakini lililoufanya wito ule usahaulike kwa shida ni kwamba kila aliyetoa aligeuka mtangazaji. Alipokea katika simu yake ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha kuwa fedha imepokewa, akaandika katika ukurasa wake kuwa ametoa, akawataja rafiki zake kwa majina na kuwauliza wao wametoa nini. Mbinu ile ile ya msoma majina wa harambee ilikuwa imerudi, ila sasa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa kila mtu.

Na papo hapo baraza likafanya kazi yake ya pili. Watu wale wale waliotoa waliuliza mitandaoni kwa nini nchi yenye serikali, bajeti na mabwawa ihitaji kuchangiwa na wananchi wake kila mvua inapokosa. Wakauliza vyakula vimefika wapi. Wakataka kuona visima. Mwenye kuutazama wito kwa jicho la mbiu ataona maswali hayo ni bughudha. Mimi naona ndiyo yaliyoupa Msalaba Mwekundu wa Kenya jina ulilokuwa nalo miaka miwili baadaye, tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoliingia jumba la maduka la Westgate: jumuiya ilipotangaza kwa Twitter mahali pa kutolea damu, watu wa Nairobi walipanga safu ndefu Uhuru Park bila ya mtu kuwashurutisha, kwa kuwa walikuwa wakiijua sauti ile na walikuwa wamekwisha kuihoji.

Baina ya hayo mawili kulitokea jambo lililoonyesha hatari ya asiyejua yuko barazani. Tarehe 5 Machi 2012, Invisible Children, jumuiya ya San Diego katika jimbo la California, ilitoa filamu ya takriban dakika 30 juu ya Joseph Kony na jeshi lake la Lord's Resistance Army, ikiwataka vijana wa Marekani walifanye jina la Kony lijulikane kila mahali ili akamatwe. Kwa kipimo cha kuonekana, hapajapata kutokea mfano wake kabla ya hapo: iliangaliwa zaidi ya mara milioni 100 katika siku 6. Walakini filamu ilisimulia kana kwamba vita viko Uganda kama zamani, ilhali jeshi la Kony lilikuwa limekwisha kutoka Uganda miaka kadha nyuma na lilikuwa likiwatesa watu wa Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Na msimulizi aliwekwa katikati yeye na mwanawe mdogo, wenye msiba wakawa pembeni. Rosebell Kagumire, mwandishi wa habari wa Uganda, alikaa mbele ya kamera yake akajibu kwa utulivu, akaeleza namna watu wake walivyosimuliwa kama viumbe wasio na uwezo wa kujitendea neno, na jibu lake likasambaa kwa njia ile ile iliyoisambaza filamu.

Jibu zito zaidi lilitoka Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda. Jioni ya tarehe 13 Machi jumuiya ya vijana ya huko ilitundika kitambaa uwanjani ili watu waliosemwa waone wanasemwa nini, na maelfu wakaja, wengi wao wakiwa wamefiwa, na wengine wakiwa na alama za ukatili ule miilini mwao. Walikuja wakitumaini kuona habari zao. Walipomwona mzungu na mwanawe, na kisha jina la aliyewaua jamaa zao likiandikwa juu ya fulana na vikuku vya kuuzwa, simanzi yao iligeuka hasira, mawe yakarushwa, watu wakatawanyika, na maonyesho mengine yaliyokusudiwa yakasimamishwa. Mwaka 1984 watu wa Korem hawakuiona filamu yao kwa wakati wa kuijibu. Mwaka 2012 watu wa Lira waliiona siku ya nane, wakajibu, na ulimwengu ukapata habari. Sidhani kuna tukio katika tarikhi hii lenye uzito kuliko hilo.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wanafunzi wa Norwei wa jumuiya ya SAIH, pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini, walitoa filamu fupi ya Radi-Aid, ambamo Waafrika waliwachangia watu wa Norwei vyuma vya kupashia nyumba joto kwa kuwahurumia kwa baridi yao. Watu walicheka, na katika kucheka wakaona. Kwa miaka kadha baadaye SAIH ilitoa tuzo kwa matangazo ya hisani, yaliyo bora na yaliyo dhaifu, na jumuiya zilizozoea kupimwa kwa fedha zilizokusanya zikajikuta zinapimwa pia kwa adabu.

Ila nisipite bila ya kulitazama baraza dogo kuliko yote, ambalo halina jina katika vitabu. Leo mtu akilazwa hospitali, au chama cha wajane kikitaka cherehani, au madrasa ikipoteza paa kwa upepo, hufunguliwa kundi la WhatsApp, na mweka hazina huandika orodha: moja, jina na kiasi, mbili, jina na kiasi, tatu, ahadi hadi mwisho wa mwezi. Anayechangia huinakili orodha nzima, akaongeza jina lake chini, akairudisha kundini, hata orodha ikashuka kwa majina mia. Anayekaa Muscat au Toronto huiona saa ile ile anayoiona wa Tandale. Mwenye kuahidi asitimize huonekana. Mwenye kutoa kidogo hushukuriwa kwa dua ile ile. Na siku fedha inapotumika, risiti hupigwa picha ikawekwa pale pale. Asasi nyingi ndogo za Afrika Mashariki zilizaliwa hivyo, zikapata katiba na usajili baada ya kupata kwanza imani ya kundi, na naziamini zaidi kuliko zile zilizoanza kwa nembo na ukurasa wa kupendeza.

Nalo baraza hili lina mwenye nyumba, na hilo wazee wetu hawakuwa nalo kwa namna hii. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza habari za jamaa na marafiki kuliko za kurasa za makampuni na jumuiya. Asasi zilizokuwa zimekusanya maelfu ya wafuasi kwa miaka mingi zikaona maneno yao hayawafikii wafuasi wao wenyewe pasipo kulipia tangazo. Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe mmoja waweza kupelekwa kwa mara moja ikawa matano, kwa ajili ya kuzuia uzushi, nia ambayo siilaumu. Serikali nazo zimeweka mkono: Uganda iliwatoza watumiaji wa mitandao shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, ikaifunga Facebook Januari 2021. Jumuiya iliyojenga jina lake lote katika nyumba ya mwenyeji mmoja hulala siku moja ikaamka haina jina, na wenye busara huweka daftari lao wenyewe la namba na anwani za watu wao, huku wakiendelea kutembelea misikiti, makanisa na masoko.

Niliahidi kuirudia Comic Relief. Februari 2019 mtangazaji Stacey Dooley, aliyepelekwa na jumuiya hiyo Uganda, aliweka katika Instagram picha yake akiwa amembeba mtoto wa Kiganda. Mbunge David Lammy wa London alipinga hadharani, Waganda na Waafrika wengine wakaingia katika mjadala, wako waliomtetea na wako waliomlaumu, na usiku wa matangazo ya mwaka ule fedha iliyopatikana ilipungua kwa takriban pauni milioni 8 kuliko mara iliyotangulia. Oktoba 2020 jumuiya ikatangaza kuwa haitawatuma tena watu mashuhuri wa Uingereza kwenda Afrika kutengeneza filamu za kuombea michango, na kwamba kazi hiyo itafanywa na watengenezaji filamu wa nchi zenyewe. Jumuiya iliyozaliwa na picha za Korem ilichukua miaka 35 kufika hapo, na kilichoifikisha si kanuni ya mwaka 1989 bali sauti za watu ambao sasa walikuwa na njia ya kusema.

Juni 2024 vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga muswada wa fedha, na wengine wakapigwa risasi, wito wa kuwatibu majeruhi na kuwasaidia waliofiwa haukungoja jumuiya yoyote. Mwandishi wa habari Hanifa Adan aliutoa mtandaoni, na mamilioni ya shilingi yakaingia katika siku chache kutoka kwa watu wengi wasiomjua ila kwa maandishi yake. Wakaanza mara moja kumdai hesabu, baadhi yao kwa maneno makali kuliko yanavyostahili kuambiwa mtu anayejitolea. Naye akazitoa hadharani, palipokuwa pametoka wito wenyewe.